Msimsahau Daktari wa Sokoni

Naandika kutoka Soin, huku bondeni chini ya mashamba ya chai. Watu wa mbali wakisikia Kericho hudhani kila mtu hapa huamkia kuchuma majani. La hasha! Huku kwetu jua ni kali, tunapanda mahindi na miwa, na chai tunaiona tukipanda matatu kwenda mjini. Nimetanguliza hayo kwa sababu maoni yangu yanahusu afya na pesa, na pesa ya mkulima wa bondeni haiji kila mwisho wa mwezi.

Nataka kumzungumzia daktari wa sokoni. Kusema kweli, huyu tunayemwita daktari mara nyingi hana digrii ya udaktari. Ni afisa wa kliniki aliyesomea stashahada, akatumikia hospitali za serikali miaka mingi, kisha akakodi vyumba viwili kando ya duka la mahindi na kuandika jina lake mlangoni. Sheria ya 1988 iliwafungulia maafisa wa kliniki mlango wa kupata leseni ya kujitegemea, na tangu hapo vijiji vingi vikapata mtu wa kukimbilia.

Kule Uingereza, tangu huduma ya afya ya taifa ianze tarehe 5 Julai 1948, mtu huandikishwa kwa daktari wa mtaa wake, na daktari huyo hujua maradhi ya babu hadi ya mjukuu. Sisi hatukuandikishwa kwa mtu, lakini daktari wa namna hiyo tunaye. Anajua kwamba nyanya yangu ana presha. Anakumbuka ni dawa gani iliyomwasha kaka yangu mwili mzima. Anajua hata nani amelipwa miwa yake na nani bado, na kwa ajili hiyo ana daftari la madeni lenye jalada jeusi. Humwambia nyanya, "Kogo, kunywa dawa kwanza, utaleta mavuno yakiingia." Na nyanya hupeleka, tena na kuku juu!

Sasa hebu tutazame mabadiliko yaliyokuja. Kenya ilikuwa na bima ya NHIF tangu 1966, na katika miaka yake ya mwisho aliyejiajiri alikuwa akilipa shilingi 500 kwa mwezi. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya za afya. Kesho yake Sikukuu ya Mashujaa ikaadhimishwa papa hapa Kericho, na hotuba zikawa ni za afya kwa wote. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi mahali pa NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, kisha anapangiwa kiasi, ambacho si chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Mimi sipingi. Fauka ya hayo, katika sheria hizo kuna jambo ambalo wazee wetu waliolipishwa hospitalini baada ya serikali kuleta mpango wa kugawana gharama mwaka wa 1989 hawakulitarajia. Matibabu ya kwanza kwenye zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali, na mgonjwa aliyejiandikisha hatakiwi kutoa kitu. Mimi mwenyewe nilimwandikisha nyanya kwa kubonyeza *147# kwenye simu ya mama. Alicheka akasema sasa amekuwa mtu wa serikali mara mbili.

Lakini kwani daktari hulipwa lini? Hapo ndipo penye mwiba. Mgonjwa hutibiwa leo, daktari hutuma madai yake kwa kompyuta, halafu hungoja. Akingoja, mwenye nyumba anataka kodi, muuguzi anataka mshahara, na muuza dawa wa mjini hampi katoni nyingine kabla ya kulipwa ile ya kwanza. Hospitali kubwa ina wodi, ina maabara, ina benki inayoijua. Mwenye vyumba viwili ana nini? Ana lile daftari jeusi tu, na daftari halinunui dawa ya malaria.

Wala si hofu ya bure. NHIF iliondoka ikiwa imeacha deni la hospitali lililokadiriwa kuwa kama shilingi bilioni 30. Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na vijijini, RUPHA, kilitangaza kwamba wanachama wake wangeacha kuwahudumia wagonjwa kupitia SHA, watu watoe pesa taslimu, mpaka walipwe. Machi mwaka huo Rais akasema hospitali zinazodai milioni 10 kushuka chini zilipwe zote, na zenye madai makubwa zikaguliwe kwanza. Nilifurahi kusikia mdogo akitangulizwa, maana kwa kawaida wapiganapo fahali sisi ndio nyasi.

Kuna watakaoniambia ati kliniki ndogo ndizo zinazoiba. Kweli wako walaghai. Mwaka wa 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alizisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za madai ya uongo. Wakaguliwe, na mwizi ashtakiwe! Lakini kumkagua mtu ni kazi moja na kumcheleweshea haki yake ni nyingine. Ukimnyima mwaminifu malipo kwa miezi, mwizi hajapata adhabu yoyote, na kijiji kimepoteza daktari.

Jambo jingine ni mchango wenyewe. Shilingi 300 mara miezi 12 ni 3,600, na mtu aliyejiajiri alitakiwa kuilipa ya mwaka mzima mapema. Mkulima wa miwa hungoja zaidi ya mwaka kabla ya kuvuna, halafu angoje kiwanda. Mwaka wa 2025 serikali ilileta mpango wa kulipa polepole kwa mkopo, na hiyo ni hatua. Ila mimi naona ingekuwa rahisi kumwuliza yule daktari, kwa sababu alishajua zamani kwamba watu wa huku hulipa mavuno yakiingia, na ni wachache waliomtoroka.

Katika darasa letu la kidato cha tatu wako wengi wanaotaka kusomea utabibu. Ukiwauliza watafanya kazi wapi, wanasema Nairobi, wengine ng'ambo. Hakuna aliyetaja Kipsitet wala Kapsorok. Siwalaumu. Lakini mtoto wa huku akishikwa na homa saa nane za usiku, matatu za kupanda Kericho hazipo, na mlango unaobishwa ni ule wa sokoni.

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi hualikwa shuleni kwetu siku ya kutoa zawadi. Safari hii nimeomba nafasi ya kumwuliza swali moja: daktari wa sokoni akituma madai yake leo, sheria itamlazimu mlipaji kumlipa baada ya siku ngapi? Nitakuwa na kalamu mkononi, anitajie hiyo tarehe niiandike.