KIDUDE CHA BASI KIMWONE NA TAJIRI!

Vijana wenzangu, mmeshaambiwa mabasi ya mikoani sasa yanaongea. Ni kweli. Yamefungwa kidude cha VTS. Kinapokea mawimbi ya satelaiti, kinajua basi liko wapi na linakwenda kasi gani, kisha laini ya simu iliyomo ndani inapeleka habari hadi kwenye kompyuta za LATRA. Dereva naye ana kitufe chake. Akikigusisha, mtambo unajua nani kashika usukani. Akipita kilomita 80 kwa saa, kanaswa!

Safi. Hakuna mlalahoi anayetaka kufa barabarani. Lakini mbona kidude hiki kina jicho moja?

Kinamwona dereva. Hakimwoni tajiri anayempigia simu: "Ukichelewa Mwanza, usukani ana mwenzio!" Ni kweli, kampuni nazo huadhibiwa mara moja moja. Lakini mzigo wa kila siku ni wa nani? Leseni inayofungiwa ni ya dereva. Anayelala rumande ni dereva. Tajiri yuko kwenye kiyoyozi anahesabu mauzo.

Aprili na Mei mwaka 2015 madereva waligoma, abiria wakakwama Ubungo. Moja ya madai yao makubwa? Mikataba ya ajira! Kitufe kimekuja, lakini dereva wa kuajiriwa kwa mdomo bado yupo. Mtu wa namna hiyo atakataaje amri ya tajiri?

Na wakubwa wasituambie ushahidi hakuna. Upo kwenye kompyuta zao! Madereva watatu wa kampuni moja wakizidisha mwendo kipande kile kile, huo si ukorofi wa mtu, ni ratiba ya tajiri. Kitufe kimoja kikisomeka safari nzima, Dar hadi Mwanza, maana yake tajiri kabania mshahara wa dereva wa pili. Na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kukata usiku. Usingizi hauna simile, ndugu zangu!

Tunadai mawili. Dereva asipewe kitufe bila mkataba wa kweli mkononi. Na habari za kidude zipelekwe mahakamani dhidi ya mpanga ratiba, si mshika usukani peke yake.

Bila hivyo ni kiini macho. Dereva anafungwa, tajiri anaajiri mwingine, na maiti ni zetu!