Maktaba ya Umma ni Haki ya Raia, Si Hisani ya Kiongozi

Katika harakati za mageuzi nchini mwetu mengi yameandikwa kuhusu sanduku la kura, mahakama, polisi na hazina ya umma. Ni machache mno yaliyoandikwa kuhusu chumba chenye meza, viti na vitabu, ambamo raia yeyote huingia, akaketi, akasoma, asiulizwe kabila lake wala chama chake. Katika toleo hili tunakizungumzia chumba hicho, na tunakizungumzia tukiwaelekea wakazi wa Kitengela na Kajiado, kwa sababu tunaamini kwamba uhuru tulioupigania hauwezi kulindwa na raia asiye na mahali pa kusoma.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo viongozi wetu hupenda kutuchanganya. Bunge lilitunga Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa mwaka 1965, na kwa miongo mingi aliyetaka maktaba mjini kwake alilazimika kuisubiri Nairobi. Hali hiyo ilikoma kwa Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeorodhesha kazi za serikali za kaunti, na miongoni mwa kazi hizo maktaba zimetajwa kwa jina, pamoja na makavazi, michezo na bustani za burudani. Kwa hivyo swali la maktaba ya Kajiado haliendi tena kwa waziri. Linaenda kwa gavana, kwa bunge la kaunti na kwa mwakilishi wa wadi unayemsalimia sokoni. Atakayekujibu kwamba jambo hilo liko juu ya uwezo wake, mwonyeshe Jedwali la Nne.

Hoja yetu ina uzito zaidi tukiitazama hali ya miji hii. Katika hesabu ya watu ya 2009 Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Katika ile ya 2019 ilikuwa na 1,117,840. Kitengela peke yake ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu 150,000, idadi iliyozidi maradufu ile ya miaka 10 iliyotangulia. Mji uliokuwa kituo cha kando ya barabara ya Namanga umejaa wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, wa saruji na wa eneo la kutengenezea bidhaa za kuuza nje, pamoja na waliokimbia kodi ya nyumba ya Nairobi. Nyumba za kupanga zimeota, maduka na baa zimeota. Kila mkazi na ajiulize: je, huduma za umma zimeota kwa kasi hiyo hiyo? Na chumba cha kusomea ambacho mwanawe anaweza kuingia bila kulipa kiko umbali gani kutoka mlangoni pake?

Wa kwanza kufaidika na maktaba ni mtoto. Familia nyingi za wafanyakazi huishi katika chumba kimoja, ambacho ndicho jikoni, ndicho chumba cha kulala na ndicho sebule. Mtoto wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani hana pembe ya kuketi. Vitabu navyo ni ghali. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013 ilivitoza asilimia 16, kana kwamba kusoma ni anasa. Mzazi wa watoto watatu hawezi kumnunulia kila mmoja kamusi, atlasi na vitabu vyote vya fasihi. Lakini nakala 20 za kitabu kimoja katika maktaba ya mji zinaweza kusomwa na mamia ya wanafunzi kwa mwaka. Mtoto wa tajiri ana chumba chake na rafu yake nyumbani. Maktaba ndiyo rafu ya mtoto wa mlalahoi.

Wa pili ni mwenye ardhi, na hapa tunawaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini. Kajiado ni kaunti ya migogoro ya ardhi. Ranchi za pamoja zimegawanywa, mashamba yamekatwa vipande, na wengi wameuza bila kujua walichotia saini. Sheria inataka kwamba hatimiliki ikidaiwa kupotea, ilani itolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya nyingine kuandikwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Siku hizo ni ngao ya mwenye shamba dhidi ya tapeli anayedai kupoteza hati ambayo hakuwahi kuwa nayo. Lakini ngao hiyo ina faida gani kwa mzee wa Mashuuru au mjane wa Isinya ambaye hajawahi kuliona gazeti hilo? Maktaba inayoweka mezani kila toleo la Gazeti Rasmi, na yenye mkutubi wa kumsomea asiyejua kusoma, inaweza kuokoa boma zima lisiangamie.

Jamii ya Wamaasai inaujua uchungu wa maandishi yaliyo mikononi mwa wengine. Mikataba ya 1904 na 1911, iliyowaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa na baadaye Laikipia, iliandikwa kwa lugha ambayo wazee waliotia alama zao hawakuisoma. Wamaasai walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa makubaliano baina ya mataifa na mahakama haikuwa na uwezo wa kuyachunguza. Zaidi ya miaka 100 imepita. Itakuwa aibu kwetu sote ikiwa mjukuu wa wazee wale bado anatia kidole kwenye karatasi asiyoielewa, ndani ya nchi huru, chini ya serikali aliyoichagua mwenyewe.

Wa tatu ni mpiga kura. Katiba inatutaka tushiriki katika maamuzi ya kaunti, na Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka hata tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Lakini mwananchi anayeitwa kwenye kikao cha kutoa maoni bila kuwa ameliona kabrasha lenyewe ameitwa kupiga makofi tu. Kabrasha hilo likae maktabani majuma kadhaa kabla ya kikao, pamoja na muhtasari wa Kiswahili na wa Kimaa, ili anayesimama kuuliza swali awe amesoma.

Atakayesema kwamba wananchi hawajali kusoma nyaraka za serikali na akumbuke Juni 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za wazazi wao, wakaueleza mitandaoni na mitaani, hadi Rais akakataa kuutia saini. Waliopoteza maisha katika maandamano hayo hatutawasahau. Wala hatutasahau kwamba mnamo Agosti mwaka huo huo wanaume watatu walitekwa nyara papa hapa Kitengela, wasionekane hadi Septemba. Taifa lilijifunza mwaka ule kwamba raia aliyesoma hana bei rahisi. Tunachouliza ni kwa nini elimu hiyo itegemee simu ya mtu binafsi na bando la kununua, ilhali ni haki ya umma.

Wa nne ni mtafuta kazi. Siku hizi cheti cha kuzaliwa, leseni ya kuendesha gari, maombi ya mkopo wa chuo, nafasi za kazi serikalini na taarifa za kodi hupitia kwenye kompyuta. Asiye na kompyuta hulipa kwenye saiba, na kila kosa la kujaza fomu hulipiwa upya. Kompyuta 10 za maktaba, zenye intaneti na mtu wa kuelekeza, zitampunguzia kijana asiye na kazi gharama ya kuitafuta kazi yenyewe. Na kwa mama aliyejiunga na ngumbaru ili ajue kusoma, maktaba ndiyo itakayomwepusha na kusahau alichofunzwa. Anayejifunza herufi kisha akakosa kitu cha kusoma ni kama aliyepewa jembe akanyimwa shamba.

Hatusemi kwamba maktaba ni vitabu vya wageni peke yake. Henry ole Kulet, aliyeandika riwaya kuanzia miaka ya 1970 hadi karne hii kuhusu maisha ya Wamaasai, na ambaye kitabu chake *Blossoms of the Savannah* kiliwahi kuteuliwa kusomwa katika shule zetu za upili, anapaswa kuwa na rafu yake Kajiado. Masimulizi ya wazee, ramani za malisho na visima, na kumbukumbu za ranchi za pamoja zikusanywe na kuhifadhiwa humo. Mzee akifariki bila simulizi zake kuandikwa, hakuna duka la kwenda kuzinunua.

Sasa tuwajibu wanaotupinga. Wapo wasemao: maji kwanza, dawa kwanza, maktaba baadaye. Tunauheshimu wasiwasi huo. Ukame uliodumu kutoka mwishoni mwa 2020 hadi 2022 uliwaangamizia wafugaji wa kaunti hii mifugo mingi, na hatuwezi kumwambia aliyezika ng'ombe wake kwamba anahitaji riwaya. Lakini ni nani atakayejua kama fedha za kisima zilichimba kisima, ikiwa hakuna anayesoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali? Maktaba haishindani na kisima, inakilinda.

Wapo wasemao kwamba simu imeiua maktaba. Simu ni chombo kizuri, lakini haimpi mtoto meza, haimpi kimya, wala haimtenganishii ukweli na uzushi. Kazi hiyo ni ya mkutubi aliyesomea kazi yake.

Wapo pia wanaohofia maktaba kugeuzwa tawi la chama. Hofu hii ni ya haki. Tunatoka katika nchi ambayo, chini ya chama kimoja kilichowekwa na sheria mwaka 1982, watu walifungwa kwa kupatikana na karatasi za uchochezi, na majarida yakapigwa marufuku kwa kuikosoa serikali. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na sheria ya uchochezi ikafutwa 1997. Basi rafu nazo ziwe za vyama vingi: gazeti linaloisifu serikali likae kando ya lile linaloikosoa, na msomaji aamue mwenyewe. Hata jarida letu hili lisipewe nafasi kubwa kuliko la wapinzani wetu.

Mifano ya kujifunza ipo. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu pekee, na Mwafrika hakuruhusiwa kuisoma hadi Uhuru ulipokaribia. Leo jengo hilo ni la umma, na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, lilishirikiana na kaunti ya Nairobi kufufua matawi yake ya Kaloleni na Makadara katika mitaa ya wafanyakazi. Huko Garissa, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia, kwa kuwa msomaji alikuwa akihama na mifugo yake. Jirani zetu wa Tanzania walifungua Maktaba Kuu yao Dar es Salaam mwaka 1967, wakapeleka maktaba vijijini wakati wa kampeni ya kufuta ujinga. Nia ikiwapo, umbali wa Loitokitok au Magadi si kisingizio.

Kwa hivyo tunadai yafuatayo. Kwanza, maktaba iwe na fungu lake katika bajeti ya kaunti kila mwaka, lenye mshahara wa mkutubi na fedha za vitabu vipya, si fedha za jengo na utepe wa kukatwa pekee. Pili, kuingia kuwe bure, kama lilivyoagiza tangazo la UNESCO la 1994 kuhusu maktaba za umma. Tatu, milango ifunguliwe jioni na mwisho wa juma, maana mfanyakazi wa kiwanda hana nafasi saa nne asubuhi. Nne, Kitengela na Kajiado ziwe na vyumba vya kudumu, na gari la vitabu lizunguke katika maeneo mengine. Tano, usimamizi uwe mikononi mwa kamati ya walimu, wazazi, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, ambao hawana vyeo katika chama chochote. Sita, jengo lisipewe jina la mwanasiasa aliye hai, wala vitabu visipigwe muhuri wa uso wake.

Ndugu msomaji, haki haiji kwa kuomba bali kwa kuidai. Kaunti itakapotangaza kikao kijacho cha bajeti, nenda na jirani yako. Simama, uliza maneno machache tu: fungu la maktaba liko ukurasa gani? Jibu likiwa halipo, andika jina la aliyekujibu na tarehe, ulihifadhi. Siku ya kura itafika, nasi tutakuwa tumesoma.