Kiswahili kimeingia PlayStation, wenyewe bado wako mlangoni

Tarehe 23 Aprili 2024, mchezo wa video uitwao Tales of Kenzera: Zau uliingia sokoni kwa ajili ya PlayStation 5, Xbox, Nintendo Switch na kompyuta. Mchezaji aliweza kuchagua kuwasikia wahusika wakizungumza Kiswahili, jambo ambalo ni nadra mno katika michezo ya kiwango hicho.

Hata hivyo, mkazi wa Busia, Tororo au Mombasa aliyetaka kuununua katika duka la mtandaoni la PlayStation hakuikuta nchi yake katika orodha ya nchi zinazohudumiwa. Ili afungue akaunti, ilimlazimu ajiandikishe kana kwamba anaishi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Lugha yake ilikuwa imekaribishwa sebuleni, naye mwenyewe amesimama nje ya uzio.

Hali hiyo inamgusa mnunuzi, lakini inamgusa zaidi mtunzi. Vijana wa Afrika Mashariki wanaojifundisha kutengeneza michezo kwa mapenzi tu wanazidi kujitokeza. Swali ni kama kazi zao zinaweza kufika katika mashine zinazounganishwa na televisheni majumbani, na ni nani anayeshika ufunguo.

Mapenzi kwanza, biashara baadaye

Miongoni mwa michezo inayowavutia watunzi wa aina hii ni ile ya uigizaji, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, husafiri naye, huongeza nguvu zake na kuamua njia atakayofuata. Ni michezo inayotegemea hadithi kuliko picha za gharama kubwa. Mtu mmoja mwenye subira na kompyuta ya kawaida anaweza kuukamilisha.

Mifano ipo. Undertale, kazi iliyotungwa kwa sehemu kubwa na Mmarekani Toby Fox, ilitoka kwa kompyuta mwaka 2015, ikafika PlayStation 4 mwaka 2017 na Nintendo Switch mwaka 2018. To the Moon ya Kan Gao, iliyotengenezwa mwaka 2011 kwa programu ya RPG Maker inayopendwa na wanaoanza, ilifika Nintendo Switch mwaka 2020, baada ya kujengwa upya kwa programu nyingine.

Kuna wakati ambapo mlango ulikuwa wazi zaidi. Kati ya 2008 na 2017, Microsoft iliendesha sehemu maalumu katika duka la Xbox 360, ambako watunzi wadogo walilipa ada ya dola 99 kwa mwaka na kazi zao zikakaguliwa na watunzi wenzao. Hapo ndipo Breath of Death VII, mchezo wa uigizaji wa kikundi kidogo cha Zeboyd Games, ulipouzwa mwaka 2010 kwa dola 1 tu.

Makufuli matatu

Chukulia kijana wa Iyolwa, eneo la wakulima wilayani Tororo, upande wa Uganda. Nyumbani wengi husema Kidhopadhola; Kiswahili ni lugha ya soko, ya barabara na ya mpaka. Kijana huyo ana hadithi ya kutosha: safari za mababu, mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali, wafanyabiashara wanaovuka Busia na Malaba kila siku. Tuseme ameshautunga mchezo wake. Mbele yake kuna makufuli matatu.

La kwanza ni la ufundi. Kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows haifanyi kazi katika PlayStation au Nintendo Switch mpaka igeuzwe, na maelezo ya namna ya kuigeuza hayatolewi hadharani. Injini ya Godot, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, haiwezi kubeba ndani yake msimbo wa mashine hizo, kwa sababu kampuni husika huutoa kwa wale tu waliosaini mkataba wa kutunza siri. Mtunzi hubaki na njia mbili: awe mshirika aliyesajiliwa, au amlipe fundi ambaye tayari ni mshirika.

La pili ni la idhini. Kampuni huchagua nani asajiliwe, na kabla ya mchezo kuuzwa huupima kwa kanuni nyingi. Waya ukichomoka katikati ya mchezo, programu inatakiwa ijue la kufanya. Mchezaji akibadilisha akaunti, kumbukumbu zake zisipotee. Kanuni hizo zina manufaa kwa mnunuzi, lakini mtu mmoja asiye na mashine maalumu za majaribio huziona kama mlima. Xbox imelegeza kidogo, kwa kuwa mashine ya kawaida iliyonunuliwa dukani inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kujaribia programu.

La tatu ni la fedha, na ndilo zito zaidi kwa mkazi wa mpakani. Duka la Steam la michezo ya kompyuta hutoza dola 100 kwa kila mchezo unaosajiliwa, takriban shilingi 350,000 za Uganda. Kwenye mashine za nyumbani huongezeka gharama za vifaa na za kugeuza kazi, na kwa kawaida duka hukata asilimia 30 ya mauzo. Tena mkazi wa Busia huweka fedha zake katika simu, ilhali maduka haya yamejengwa juu ya kadi za benki na anwani za nchi zilizomo katika orodha.

Ukubwa wa orodha hiyo ulidhihirika Mei 2024. Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, mchezo huo uliondolewa katika duka la Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazitolewi. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwake. Sharti lenyewe liliondolewa baada ya malalamiko ya wachezaji, lakini uzio ulikuwa umeshaonekana.

Vipaji havikusubiri

Kukosa mlango hakukuzuia watu kutunga. Lual Mayen, aliyezaliwa familia yake ikikimbia vita Sudan Kusini na kukulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifundisha kutengeneza michezo kwa kompyuta ambayo mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili kumnunulia. Kazi yake, Salaam, inamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani, ambako anaishi sasa.

Nchini Cameroon, Olivier Madiba na wenzake walianza kama wapenzi wa michezo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2015 walichangisha zaidi ya euro 40,000 kupitia mtandao, na mwaka uliofuata Kiro'o Games ikatoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, mchezo wa uigizaji uliouzwa kwa kompyuta.

Zau nayo ilipita njia nyingine. Mtunzi wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na hadithi ya kijana anayemwomba mungu wa kifo amrudishie babaye ilitokana na msiba wa baba yake mwenyewe. Kilichomvusha hadi kwenye mashine za nyumbani ni studio iliyoko Uingereza na mkataba na kampuni kubwa ya Electronic Arts. Hata hivyo, miezi michache baada ya mchezo kutoka, studio yake ya Surgent ilipunguza wafanyakazi. Kuingia ndani si sawa na kukaa.

Kodi imevuka, huduma bado

Wapo wanaosema kwamba mtunzi wa Uganda au Kenya asahau mashine hizi na alenge simu. Hoja hiyo ina uzito, kwani simu zimeenea kuliko kifaa kingine chochote. Lakini katika miji mingi ya ukanda huu, vijana hukusanyika kwenye vibanda vyenye PlayStation na kulipia kila mchezo wa mpira wanaoucheza. Mashine moja huhudumia mtaa mzima. Wachezaji wapo, kinachokosekana ni njia halali ya kazi ya kijana wa jirani kufika katika mashine hiyo.

Serikali nazo zina nafasi yake. Tangu Julai 2023 Uganda inatoza kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kwa wateja walioko nchini, na Kenya ina kodi yake ya namna hiyo. Mwenye kudai kodi anaweza pia kudai huduma: duka linalozitambua nchi hizi, malipo kwa simu, na usajili wa watunzi bila kulazimika kuazima anwani ya ugenini. Uganda pekee huenda isisikilizwe. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi nane, ambayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, ina sauti kubwa zaidi.

Mpaka hilo litakapotokea, kijana wa Iyolwa ana njia iliyokwisha kukanyagwa: kuuza kwanza kwa kompyuta au simu, kujenga wasikilizaji wa hadithi yake, kisha kumtafuta mshirika wa kumvusha. Undertale ilifika hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mtunzi wake alianza safari akiwa katika nchi iliyomo kwenye orodha.