Tabora: Mfanyabiashara akatie bima kitu gani kwanza?

LORI la mzigo linapoingia Tabora likitokea Nzega au Manyoni, moja ya mambo ya kwanza ambayo askari wa usalama barabarani hutaka kujua ni kama gari hilo lina bima. Hakuna anayeuliza kama magunia ya mchele na madumu ya mafuta yaliyopakiwa nyuma yana bima, wala kama mwenye mzigo, ambaye mara nyingi amekaa pale pale mbele na dereva, ana kadi ya matibabu. Matokeo yake wafanyabiashara wengi hukatia bima kile kinachoulizwa na kuacha kile kisichoulizwa. Mpangilio huo ni mbovu, na mitaji inakwisha kwa sababu yake.

Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ni lazima kwa sheria na haina mjadala. Kwa miaka mingi ada yake kwa gari dogo binafsi ilikuwa Sh. 118,000/= kwa mwaka pamoja na VAT. Lakini mwenye gari akumbuke kuwa bima hiyo haimlindi yeye. Inawalipa wale aliowagonga. Gari lake likipinduka Sikonge likabaki chuma chakavu, stika haimpi hata senti.

Bima kubwa ndiyo inayolipa gari lenyewe, nayo hutozwa kwa asilimia ya thamani. Tuseme mtu ana pikapu kuukuu ya Sh. milioni 8 aliyoinunua kwa fedha zake, na anatozwa asilimia 3.5. Hiyo ni Sh. 280,000/=, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika Sh. 330,400/=. Kwa mtu huyo, kama duka lake halina bima ya moto, kukata bima kubwa ya pikapu ni anasa. Pikapu ikifa ataumia, lakini kesho yake atapakia mzigo kwenye gari la kukodi na biashara itaendelea. Mwenye Fuso la mkopo yuko katika hesabu nyingine kabisa, maana gari likiungua deni linabaki.

Kipimo cha unafuu wa bima kiko hapo. Ada ndogo peke yake haimwambii mtu lolote mpaka aulize ni hasara ipi ambayo hawezi kuibeba mwenyewe.

Watu wa Unyanyembe hawahitaji kufundishwa kwamba hatari ina bei. Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuwa wametembea kutoka pwani zaidi ya miezi minne. Misafara iliyopita njia hiyo ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo (neno hilo lilikuwa ushuru wa njia kabla halijachukua maana yake ya sasa), ililisha wapagazi, na ilikuwa na shuka na shanga zilizokopwa kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan. Tajiri huyo alijua kuwa mzigo unaweza usirudi. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji, na biashara ikakwama. Bima ya kuandikiana haikuwapo, ila gharama ya hatari ilikuwapo, imefichwa ndani ya masharti ya mkopo na bei ya pembe za ndovu. Mfanyabiashara wa leo asiye na bima naye anailipa, tena kwa namna ghali zaidi: anakopa kwa riba kubwa baada ya hasara, au anapitisha daftari la michango kwa ndugu.

Kinachostahili kukatiwa bima mwanzo, kwa hiyo, ni bidhaa dukani na ghalani. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Januari 2022 likafuata soko la Karume, Dar es Salaam. Maduka ya Tabora, kama ya mji mwingine wowote, yanapakana ukuta kwa ukuta, na moto wa jirani hauulizi leseni ya mtu.

Bima ya moto ina mitego yake, na mkubwa kuliko yote ni kupunguza thamani ili ada iwe ndogo. Mwenye duka ana mali ya Sh. milioni 20 lakini anaandikisha milioni 10. Moto ukila mali ya milioni 6, anadhani atalipwa zote sita kwa kuwa hazijazidi kumi. Siyo hivyo. Mikataba mingi ina kanuni ya wastani: aliyekatia nusu hulipwa nusu, yaani milioni 3, na humo bado kutatolewa kile kiasi ambacho mkataba unamtaka mwenye bima abebe mwenyewe. Mtego wa pili ni mahali. Mkataba hutaja jengo. Godauni la uani ambalo halikuandikwa halimo. Wizi nao mara nyingi huongezwa kwa ada ya pekee, na kampuni hutaka kuona kuwa mlango ulivunjwa. Mafuriko yaulizwe kwa jina lake.

Na mzigo ulioko njiani? Hapa ndipo wengi hukosea. Bima kubwa ya lori hulipa lori. Sukari iliyomwagika mtaroni inahitaji bima yake ya mizigo safarini, na mwenye lori halazimiki kumkatia mwenye sukari.

Waliokopa benki wasome makaratasi upya. Wakisikia “mkopo una bima”, mara nyingi ni ile inayolipa deni mkopaji akifariki, kwa faida ya benki. Duka likiungua na mkopaji yu hai, deni linaendelea.

Afya ndiyo mlango ambao mtaji hutoka bila kelele. Rufaa ya kutoka Kitete kwenda Bugando, pamoja na nauli na chakula cha anayeuguza, inaweza kuuza nusu ya bidhaa dukani kabla mtu hajapona. Mkoa wa Tabora una haki ya kujivunia jambo hili: Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, kaya ikichangia Sh. 5,000/= kwa mwaka. Udhaifu wake kwa mfanyabiashara ulionekana mapema. Kadi ilihudumia karibu na nyumbani, wakati mtu wa biashara anaugulia Kahama au Kigoma. Mfuko ulipoboreshwa, kuanzia 2018, kaya ya watu 6 ilichangia Sh. 30,000/= na huduma zikafika hadi hospitali ya mkoa kwa rufaa. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Mwaka huo huo NHIF ilisimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, iliyokuwa ya Sh. 50,400/=, kwa kuwa wazazi wengi walileta watoto waliokwisha kuugua. Lawama kwa Mfuko zilikuwa nyingi, lakini chungu ambacho kila mtu anachota na wachache wanaweka hakidumu. Anayesubiri homa ndipo akatafute kadi anachangia kuipandisha bei.

Zamani hapakuwa na kuchagua: tangu 1967 soko la bima Bara lilikuwa la NIC peke yake, hadi sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi na ada hazipishani sana, hivyo tofauti itafutwe kwenye malipo ya madai. Aulizwe wakala: anayeshughulikia madai yuko Tabora, au mteja atafuata Mwanza na Dar es Salaam? Taarifa ya hasara itolewe ndani ya siku ngapi? Mteja ajue pia kuwa wakala anafanya kazi ya kampuni, na dalali wa bima ndiye anayetakiwa kumtetea mteja. Baada ya kulipa, bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA siku ile ile. Maneno ya “nitamalizia mwezi ujao” hayafai tena, kwani bila ada hakuna bima.

Limebaki suala la tarehe. Bima nyingi hukatwa Januari, wakati sare na madaftari ya shule yamemaliza fedha za nyumbani, ndipo watu huchukua ile ya chini kabisa. Masoko ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge hufanyika baada ya mavuno, na miezi hiyo fedha huzunguka hadi kwa muuza vitenge. Kampuni haikatazi mkataba kuanza Juni.