Mtihani wa kuogelea hauibiwi

Nianze na swali, ndugu msomaji. Tuseme mtoto wako atafanyiwa mtihani wa kuogelea kesho asubuhi. Usiku huu kijana fulani anakupigia simu, anasema ana "karatasi" na anataka shilingi elfu tano. Karatasi yenyewe inasema hivi: mtahiniwa ataingia majini upande wa mashariki, atavuka mita 25 bila kusimama, atatokea upande wa pili. Utanunua? Ya nini? Kama mtoto hajui kuogelea atazama tu, hata ukimnunulia karatasi kumi.

Sasa linganisha na mitihani yetu ya fizikia, kemia na biolojia ya Kidato cha Nne. Hizo zikipatikana usiku mmoja kabla, mtoto ambaye hajaelewa kitu kwa miaka minne anakesha na daftari, anaamka, anaandika na kupata B+. Na sisi wote tunapiga kelele kuhusu yule kijana wa simu! Mimi naona yule kijana ni homa tu. Malaria yenyewe iko ndani ya maswali.

Mnakumbuka KCSE ya 2015? Matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu. Machi 2016 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani (KNEC), na marehemu Profesa George Magoha akakabidhiwa uenyekiti. Yakaja makontena ya chuma, kufuli, polisi wenye bunduki, na walimu wakuu wakaambiwa wao ndio watakaowajibika. Mwisho wa mwaka huo waliopata A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Nchi nzima ikazungumzia ulinzi. Sawa, ulinzi ulihitajika, na najua kulikuwa na mengine yaliyochangia mshuko huo. Lakini swali lililonikaa kooni ni hili: kama sehemu kubwa ya A hizo iliyeyuka mara tu karatasi zilipofungiwa vizuri, zilikuwa zikipima nini miaka yote hiyo?

Sisi wa kuandika programu tunaujua ugonjwa huu vizuri sana. Tuseme nimepewa kazi ya kuandika programu ya kukokotoa kodi ya mishahara. Mkubwa wangu ana majaribio kumi ya kuikagua: mshahara huu, jibu hili. Mimi nikiwa mvivu (na wanaprogramu ni wavivu, tusidanganyane) ninaweza kuandika mistari kumi tu: mshahara ukiwa 50,000, toa jibu hili, ukiwa 80,000, toa lile. Hakuna hesabu yoyote ndani. Majaribio yote kumi yatapita, taa itawaka kijani, mkubwa atafurahi. Halafu siku ya kwanza kazini anakuja mtu wa mshahara wa 50,001 na mtambo mzima unakufa. Dawa inayojulikana ni mkaguzi kuleta mshahara ambao sikuutarajia. Sijawahi kusikia ofisi iliyoamua kuyafungia yale majaribio kumi kwenye kontena.

Lakini tuingie maabarani, maana huko ndiko mambo yalikoharibika zaidi, na ndiko watu wanakodhani mambo ni mazuri.

Kila moja ya masomo haya matatu ina karatasi tatu. Ya kwanza na ya pili ni za maandishi, alama 80 kila moja. Ya tatu ni ya maabara, alama 40. Yaani kushika kitu kwa mikono yako ni asilimia 20 ya sayansi nzima. Haya, hata hizo 40 tuzitazame. Chukua titresheni ya kemia. Mgao wa alama za jedwali lake unajulikana na kila mwanafunzi wa kemia nchini kama jina la mamake. Alama moja ni ya kujaza jedwali lote. Moja ni ya desimali: zote ziwe na tarakimu moja, au zote mbili, na zikiwa mbili ya mwisho iwe 0 au 5. Moja ni ya kujua masomo gani ya kuingiza kwenye wastani. Kisha kuna za kukaribia jibu ambalo mwalimu wa shule hiyo alilipata alipofanya titresheni yeye mwenyewe. Hesabu na mimi: alama tatu kati ya tano unaweza kuzipata bila kugusa bureti. Hizo nyingine mbili zinategemea kukaribia namba ambayo mtu mwingine chumbani tayari anaijua. Kama ungetaka kubuni kitu cha kuwashawishi watu wanong'onezane, ungebuni nini tofauti?

Kuna pia ile orodha inayotumwa shuleni mapema ili mwalimu aandae vifaa, ile tunayoiita "confidential". Orodha hiyo ni lazima iwepo, hakuna maabara inayojiandaa yenyewe. Lakini ikiwa ndani yake kuna myeyusho wa Benedict, iodini na DCPIP, hata mpishi wa shule anajua kuna swali la kupima vyakula: sukari, wanga, vitamini C. Na kwa kuwa maswali ya vyakula yanafanana mwaka hadi mwaka, kuijua orodha ni karibu sawa na kuwa na karatasi. Mtihani wenye maswali mapya usingetetereka hata kidogo. Waambie kabisa watoto kwamba kesho kutakuwa na Benedict! Kisha wape unga wa muhogo, maziwa yaliyoganda na juisi ya dukani ambayo mfuko wake umeandikwa "haina sukari", uwaulize kama mwenye juisi anasema kweli, na wanajuaje. Hapo Benedict amekuwa chombo cha kazi kama nyundo. Kumjua jina hakutoshi.

Halafu kuna ule wimbo. Mliofanya kemia mtaukumbuka: mashapo meupe, yanayeyuka ukizidisha... mashapo meupe, hayayeyuki ukizidisha... Zinki hivi, alumini vile, risasi hivi. Nimesoma na watu waliokuwa wanajaza ukurasa wote wa "nilichokiona" kabla hata ya kutikisa tyubu, kwa sababu wakishabahatisha chumvi ni ipi, wimbo unawaambia walipaswa kuona nini. Kwa upande wa pili kuna yule msichana wa shule isiyo na maabara ya maana, ambaye myeyusho wake umekaa kabatini mpaka umeharibika. Anatazama tyubu yake, haoni mashapo yoyote, anaandika kwa uaminifu: "Hakuna mabadiliko." Msahihishaji hakuiona tyubu hiyo. Ana mwongozo tu, na mwongozo unasema mashapo meupe. Sufuri. Huyo ndiye mwanasayansi pekee katika chumba kile, na mtihani wa sayansi umemfundisha kwamba mwaka ujao aandike asichokiona.

Hili si jambo la kuchekesha. Muuguzi anayeandika joto la mgonjwa bila kulipima alijifunza mahali fulani kwamba jedwali lililojaa ni bora kuliko jedwali la kweli.

Na hapa jirani tuna mfano ambao kila mwalimu wa fizikia Afrika Mashariki angeubandika ukutani. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Tanganyika, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliweka mchanganyiko wake wa maziwa kwenye friza ukiwa bado moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa umepoa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Darasa likamcheka, lakini Osborne akarudi Dar na kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu athari hiyo ya Mpemba, hutokea lini na kwa nini. Mimi najiuliza tu: katika KCSE, Mpemba angeandika wapi alichokiona? Kungekuwa na nusu mstari wa kumpa nafasi?

Sasa wapo watakaoniambia, "Wewe unaota. Watahiniwa ni karibu milioni moja, maabara hakuna, wasahihishaji wamechoka." Nimewasikia. Lakini swali zuri linatumia wino ule ule wa swali baya. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wawili wa Marekani walichapisha mtihani mdogo wa fizikia unaojulikana kama Force Concept Inventory. Hauna hesabu hata moja. Ni maswali ya kuchagua jibu tu, ya aina hii (nimelivalisha nguo za kwetu): trela na Vitz zinagongana uso kwa uso. Je, trela linaisukuma Vitz kwa nguvu kubwa zaidi kuliko Vitz inavyolisukuma trela, au nguvu ni sawa? Ni sawa kabisa, asema Newton katika kanuni yake ya tatu. Vitz inaumia zaidi kwa kuwa ni nyepesi. Watu wanaoikariri kanuni ya tatu bila kukosa neno huchagua trela, tena kwa kujiamini.

Eric Mazur wa Harvard alipowapa wanafunzi wake maswali ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, mmoja wao alimuuliza ajibu vipi: kama walivyofundishwa, au kama yeye mwenyewe anavyofikiria? Harvard hiyo! Mazur akabadilisha ufundishaji wake wote.

Siri ya mtihani ule iko kwenye majibu ya makosa. Hayakutungwa na mwalimu aliyechoka saa nne usiku. Yalitokana na mawazo ambayo wanafunzi wenyewe wanayo kweli kuhusu mwendo na nguvu. Kwa hiyo mtoto akichagua B badala ya D, hujui tu kwamba amekosa, unajua amepotelea wapi. Na kusahihisha? Tarakilishi inafanya kwa sekunde.

Ndiyo maana nina ugomvi na wenzangu wa teknolojia. Juzi mteja mmoja alitaka nimwandikie programu ya rununu: maswali yote ya sayansi ya KCSE ya miaka iliyopita, majibu ya mwongozo chini yake, na mtoto akikosa neno la mwongozo apewe sufuri. Nilimwambia ningeimaliza kwa wikendi mbili, na kwamba sitaiandika. Tayari zimejaa programu za namna hiyo, kila moja inajiita ukombozi wa elimu. Ni daftari la kukariri lenye betri. Tungekuwa na akili tungekusanya majibu ya makosa kutoka Wajir, Kakamega na Kilifi, tuyapange, tuone watoto wa Kenya wanafikiria nini kuhusu joto, umeme na damu, kisha tutunge maswali kutoka hapo. Hiyo ndiyo kazi ya hifadhidata. Na KNEC nayo ingetusaidia ikitoa hadharani, bila majina, jinsi watahiniwa walivyojibu kila swali, sehemu kwa sehemu, kwa muundo ambao tarakilishi inaweza kuusoma.

Wakati wenyewe ndio huu. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Sekondari Pevu Januari 2026, na watafika Gredi ya 12 mwaka 2028. Mtaala wao umeitwa wa umilisi, na umilisi maana yake ni kuweza kufanya jambo. Kwa hiyo wanadai mtihani wa kuogelea. Wakipewa tena wimbo wa mashapo meupe na alama ya desimali, tutakuwa tumebadilisha sare tu. Ndiyo, matokeo ya mwaka wa kwanza yatatisha, magazeti yatalia, wabunge watapiga meza. Waache wapige. Afadhali hofu ya mwaka mmoja kuliko kuajiri daktari aliyefaulu kwa wimbo.

Kama hamniamini, fanyeni jaribio leo jioni. Tafuta mwanafunzi yeyote wa sekondari aliye karibu nawe. Mwambie akuandikie mlinganyo wa usanisinuru. Anao tangu Kidato cha Kwanza, atauandika bila shida, kabonidayoksaidi upande huu na glukosi upande ule. Kisha mwonyeshe mwembe mkubwa, umwambie kokwa lake lilitosha kiganjani, na leo mti una tani kadhaa za mbao. Uzito huo umetoka wapi? Mwaka 1997 filamu ya Minds of Our Own iliwaonyesha wahitimu wa vyuo vikubwa vya Marekani wakishindwa na swali hilihili. Sehemu kubwa ya ubao mkavu imetokana na hewa, na mlinganyo aliouandika dakika moja iliyopita unasema hivyo waziwazi. Akikujibu kwamba umetoka kwenye udongo, usimcheke. Muulize tu mbona hakuna shimo chini ya mwembe, halafu nyamaza umwache afikirie.