"Haupo Kwenye Mfumo" Si Jibu

Kuna sentensi tatu ambazo kila mwanafunzi wa chuo hiki atazisikia kabla hajamaliza: "njoo kesho," "mhusika katoka," na "haupo kwenye mfumo." Mbili za kwanza tumeshazizoea, tunazitania hata vimbwetani. Hii ya tatu ndiyo nataka tuiongelee, maana inaumiza watu kweli kweli.

Semista iliyopita rafiki yangu, tunalala chumba kimoja, alikaa wiki sita bila bumu. Karatasi za kusaini zilipobandikwa, jina lake hakuna. Alikwenda dirishani mara nne. Kila mara aliyekuwa zamu alichapa namba yake, akatazama kioo, akasema hayupo. Na hakudanganya. Mahali fulani mtu alichapa herufi O pale penye sifuri kwenye namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Faili la huku lilipounganishwa na faili la kule, kompyuta ikaona watu wawili: mmoja anasoma hana mkopo, mwingine ana mkopo hasomi. Kwa kompyuta hapo hakuna tatizo lolote. Sisi chumbani tulikuwa tunagawana sahani moja ya wali maharage.

Sisemi haya kwa kejeli, kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya baya zaidi.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, mwalimu wa taaluma alinikabidhi kazi ya matokeo ya kidato cha pili, eti "nyie vijana mnajua kompyuta." Mafaili saba ya walimu saba, kila mmoja kaandika majina anavyojua. Huyu kaanza na jina la mtoto, yule na la baba, mwingine kaacha nafasi mbili katikati ambazo kwa macho huzioni. Nikayaunganisha kwa VLOOKUP ya Excel. Isipomwona mtu upande wa pili, inaandika #N/A. Ukurasa ukajaa hizo alama mpaka natia aibu kuupeleka. Nikatafuta namna ya kuziondoa, nikakuta ushauri: tumia IFERROR, weka sifuri. Nikaweka. Ukurasa ukapendeza.

Watoto kumi na mmoja wakapata sifuri ya Jiografia.

Binti mmoja alinifuata nje ya ofisi ya walimu akaniambia, "Mwalimu, mimi huo mtihani niliufanya." Nikamjibu, na mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya, "Matokeo ndiyo yanavyosema." Siku mbili baadaye nikaona karatasi yake mezani kwa mwalimu wa Jiografia: 58, kwa wino mwekundu. Ile #N/A niliyoionea aibu ilikuwa inaniambia ukweli, kwamba alama ya huyu mtoto sijaiona. Mimi nikaigeuza ikawa kwamba huyu mtoto hajui kitu.

Ndiyo maana nasema programu hizi zikikosea mara nyingi hazipigi kelele. Mwaka 2020 kule Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye hesabu za kila siku kwa sababu majibu ya maabara yalipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yakaachwa nje, na watu waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Nchi tajiri, wataalamu kibao, na bado.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwanafunzi mwenzetu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, akisoma uchumi Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Marekani, alipewa zoezi la kurudia hesabu za makala maarufu ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu madeni ya nchi. Makala hiyo ya 2010 ilikuwa inatajwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Hesabu zake hazikulingana na zao. Akawaandikia, wakampa faili lenyewe. Kumbe fomula ya wastani ilikuwa imeruka nchi tano. Waandishi walikiri kosa hilo, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kuu. Angekubali kwamba wakubwa hawakosei, angeandika tu kwamba yeye ndiye kakosea, akapeleka zoezi.

Sasa mbona sisi tunakubali upesi hivi? Tukiambiwa haupo, tunaanza kujitilia shaka wenyewe: labda sikujisajili vizuri, labda nimekosea tarehe.

Wengine watasema wafanyakazi ni wachache na sisi ni maelfu. Ni kweli, siwalaumu kwa hilo. Lakini kazi ninayoisemea ni ya dakika chache. Hesabu mistari kabla ya kuunganisha, hesabu tena baada. Kama walioingia ni 4,000 na waliotoka ni 3,962, hao 38 ni watu, watafutwe leo. Wakitoka wengi kuliko walioingia, kuna mtu kaandikwa mara mbili. Power Query, ambayo imo humo humo ndani ya Excel na Power BI, ina aina ya kuunganisha inayokutolea wale tu waliokosa mwenzao upande wa pili. Ila nayo inatofautisha herufi kubwa na ndogo, VLOOKUP haitofautishi, kwa hiyo usishangae majibu yakipishana. Na ukiandika VLOOKUP, usisahau FALSE pale mwisho. Ukiiacha, inaridhika na kinachokaribiana, na inaweza kukupa alama za mtu mwingine kabisa bila kukuonyesha kosa lolote. Namba za usajili na za simu zisomwe kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inaliwa. Tarehe ndiyo usiseme: 03/04 kwenye kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani inakuwa Machi 4.

Haya sikufundishwa darasani. Kozi yetu ya kompyuta ya mwaka wa kwanza ilituuliza monita ni nini. Na sisi wa ualimu ndio tutakaokaa na mafaili saba ya walimu saba, kila muhula, hadi tustaafu. Idara itupe hata wiki mbili: ituletee orodha mbili chafu za wanafunzi, ituambie tuziunganishe, na tumtaje kila aliyepotea.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi moja tu. Waziri wa mikopo, kabla karatasi za kusaini semista hii hazijabandikwa, omba ibandikwe kwanza karatasi nyingine: namba za usajili zilizokosa mwenzake, pande zote mbili. Namba tu, majina hayahitajiki. Mtu akijiona humo aende dirishani na cheti chake cha kidato cha nne, waangalie pamoja herufi kwa herufi. Rafiki yangu alipofanyiwa hivyo, mara ya tano, na mama mmoja aliyekubali kulifungua faili lenyewe, ilichukua kama dakika kumi.