Mbwa huhitaji neno moja la tuzo, si kelele

Katika mitaa na vijiji vyetu, mbwa husikia maneno mengi kutoka kwa bwana wake, na takriban yote ni makaripio. Akibweka hukemewa, akinyamaza haambiwi lolote. Akiitwa akachelewa, hupokelewa kwa kiboko pindi afikapo. Je, amefunzwa nini? Amefunzwa kwamba kumkaribia bwana wake ni kuyakaribia maumivu. Kesho hatakuja, nasi tutamwita mkaidi.

Mimi nashikilia kwamba mbwa huyo si mkaidi; hajaelezwa tu ni lipi tulipendalo. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa hudondokwa na mate asikiapo ishara iliyozoea kutangulia chakula. Neno nalo laweza kuwa ishara.

Lichaguliwe neno fupi, kwa mfano "Vyema!", lisilotumiwa ovyo nyumbani. Litamkwe, kisha papo hapo mbwa apewe kipande cha chakula. Likirudiwa mara nyingi, atageuka kila alisikiapo. Hapo ndipo somo huanza. Aambiwe "Keti", makalio yagusapo ardhi, "Vyema!" litamkwe, ndipo chakula kifuate. Likicheleweshwa hadi ainuke, tumekwisha kumtuza kwa kuinuka. Tena baba asiseme "Vyema", mama "Hongera" na watoto "Safi". Mbwa hana kamusi. Fauka ya hayo, neno hilo ni ahadi, na ahadi isiyotimizwa hugeuka kelele.

Wapo watakaodai kwamba mafunzo ya vitonge ni mchezo wa watoto, hayafai mbwa wa ulinzi. Hoja hiyo haina mashiko. Huko Morogoro, Tanzania, panya buku hufunzwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini kwa njia iyo hiyo: mlio mfupi, kisha chakula. Ikiwa kazi inayookoa maisha ya watu hufunzwa hivyo, kulinda lango kwahitaji kiboko cha nini?

Wanafunzi ndio aghalabu huwalisha mbwa nyumbani. Nawasihi waanze leo, nao walimu wawaeleze sababu darasani. Mbwa aliyezoea kuuogopa mkono wa mtu hakawii kuuma, na mara nyingi aumwaye ni mtoto. Wahenga walinena kwamba mwenye kelele hana neno. Basi sisi tuwe na neno, tena moja.